Maporomoko ya Sanje: Njia Ipanuliwe au Ibaki Nyembamba?

Maporomoko ya Sanje hushuka mita 170 hivi kwa hatua tatu, yakitoka ndani ya msitu wa milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, Tanzania. Ni kimo cha jengo la ghorofa kama 50. Njia ya miguu ya kufika huko inaanzia kituo cha askari wa hifadhi cha Sanje, kilomita 10 hivi kaskazini mwa Mang'ula, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Mzunguko mzima huchukua karibu saa nne. Huruhusiwi kupanda peke yako: kuna kiingilio, na kuna malipo ya mwongozaji.

Kwa miaka mingi utaratibu huo haukuzua ubishi, kwa sababu wageni walikuwa wachache na barabara ilikuwa ya vumbi. Sasa lami imetandikwa kutoka Kidatu mpaka Ifakara, ikipita vijiji vilivyo chini ya mlima. Treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na familia ya mjini ambayo zamani ingetumia nusu siku kufika Morogoro inafika kabla ya saa nne asubuhi. Utalii wa ndani unahimizwa kila kona. Hivyo swali lililokuwa la watu wachache limekuwa la wengi: njia ya Sanje ipanuliwe, ijengwe ngazi za zege na kingo za chuma, milango ifunguliwe kwa makundi makubwa, au ibaki njia nyembamba ya msituni inayopitika kwa jasho na kwa zamu?

Nianze na wanaotaka ifunguliwe, kwa sababu hoja yao mara nyingi hupuuzwa na watu wanaojiita wapenda mazingira, na haistahili kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni ya fedha. Hifadhi za taifa za Tanzania hazijitegemei kwa usawa. Chache, Serengeti na Kilimanjaro zikiwa mbele, ndizo zinazobeba nyingine nyingi. Mshahara wa askari anayelinda msitu wa Udzungwa usiku kwa sehemu kubwa unatokana na mgeni anayepanda Kilimanjaro au anayetazama nyumbu Serengeti. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege duniani, kila mtu aliona jinsi mpango huo ulivyo dhaifu. Hifadhi yenye wageni wake yenyewe, hasa wageni wanaotoka ndani ya nchi, ina namna ya kusimama pale wa nje wanapokosekana. Udzungwa haina tambarare za simba wala barabara za kuzungukia kwa gari. Hifadhi hii hutembelewa kwa miguu, na Sanje ndiyo kivutio chake kikuu. Ukiifunga Sanje kwa wachache, umeifunga hifadhi nzima isijipatie kipato.

Hoja ya pili ni ya haki, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Yupo mama wa miaka 60 aliyelima mpunga bondeni maisha yake yote, akatumia maji yanayotoka juu kule, na hajawahi kusimama mbele ya maporomoko yenyewe kwa sababu magoti hayamruhusu. Yupo mtoto wa shule anayetembea kwa magongo. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba ugumu wa njia ni sehemu ya uzuri wake ni kumfungia mlango kwa maneno matamu. Hifadhi ya taifa ni ya taifa, na taifa lina wazee na watu wenye ulemavu.

Ya tatu ni ya usalama. Jiwe lililo ndani ya manyunyu huota utando wa kijani mwembamba kiasi kwamba ukiwa umesimama huuoni. Unautambua mguu unapokuwa umeshateleza. Huko juu, kwenye mabwawa ambako watu hupenda kuogelea, maji hutulia hatua chache tu kabla ya ukingo. Na mvua ya milimani haina adabu ya kutoa taarifa: inaweza kunyesha juu kwenye uwanda wakati wewe uko chini kwenye jua, na mto ukapanda ghafla. Anayesema kingo za chuma zinaharibu mandhari ajibu pia ni nani atakayebeba machela kuteremka na majeruhi.

Upande wa pili unaanza na kitu ambacho macho ya mgeni hayakioni mara moja, nacho ni msitu wenyewe. Udzungwa ni sehemu ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia hapa. Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990 na ilianzishwa mwaka 1992. Katika msitu wa Mwanihana, ambao ndio huu wa upande wa Sanje, miti imeungana kutoka chini kabisa, mita mia mbili na kitu juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 2,000. Misitu ya namna hiyo iliyobaki bila kukatwa katikati ni michache mno Afrika Mashariki. Wanyama waliokaa humu wametengwa na wenzao kwa muda mrefu sana, hata wamekuwa wa hapa tu. Mbega mwekundu wa Iringa yuko humu. Mangabei wa Sanje, nyani wa kijivu mwenye jina la kijiji hiki, hapatikani popote duniani nje ya misitu ya Udzungwa.

Historia ya mangabei huyu inafaa kusimuliwa hapa kwa sababu inagusa mjadala moja kwa moja. Watafiti walimfahamu mwaka 1979 tu, Katherine Homewood na Alan Rodgers walipokuwa wakifanya kazi kwenye msitu huu. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Nyani wa ukubwa ule, anayetembea ardhini kwa makundi na kupiga kelele zinazosikika mbali, alikaa karibu na mashamba na reli bila kuandikwa popote. Kama mnyama mkubwa hivyo aliweza kupita bila kuonekana na wataalamu, tunajua nini kuhusu konokono, vyura na maua yaliyo kwenye mawe yanayolowanishwa na maporomoko? Kidogo sana. Na ndipo penye hatari, maana mahali pazuri pa kujenga jukwaa la kupigia picha ni papo hapo kwenye manyunyu.

Nani hakumbuki vyura wa Kihansi? Korongo la Kihansi liko upande wa kusini wa milima hiihii. Mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa umeshaanza, alikutwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu, wa sentimita mbili hivi, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, na anayeishi kwenye kipande kidogo tu cha majani yanayolowanishwa na manyunyu ya maporomoko yale. Maji mengi ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Vikawekwa vinyunyizio vya mabomba. Vyura wakasaidika kwa muda, kisha mwaka 2003 wakaporomoka, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani kote ukakutwa kwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Waliobaki walikuwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, na tangu 2012 wamekuwa wakirudishwa kwa gharama kubwa.

Sisemi ngazi za Sanje ni sawa na bwawa la umeme. Hakuna anayetaka kugeuza mto. Lakini Kihansi ilitufundisha kwamba eneo lenye manyunyu ni makazi ya viumbe, makazi madogo ambayo yakivurugwa hayana pa kuhamia, na kwamba kuvu ya vyura husafiri vizuri sana kwenye matope ya viatu. Watu mia kwa siku wanaoteremka mpaka chini ya maporomoko ni jozi mia za viatu vilivyokanyaga wasikokujua.

Tuje kwenye udongo, ambao wanaojadili njia hii huusahau kabisa. Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu naamini jibu limelala hapa.

Njia ya mlimani haiharibiwi na miguu peke yake, huharibiwa na miguu pamoja na maji. Miguu hushindilia udongo mpaka hauingizi tena maji. Mvua ikija, na upande huu wa Udzungwa hupata hadi milimita 2,000 kwa mwaka, maji hayazami, yanatafuta mteremko, na mteremko ulio wazi ni njia yenyewe. Njia inageuka mfereji. Mfereji unachimba, mizizi iliyokuwa imefunikwa inatokeza, na kwa muda wapandaji huitumia kama ngazi, kila soli ikichuna ganda kidogo. Mahali penye tope mtu hupitia pembeni asichafuke, wa pili anamfuata, wa kumi anaona pembeni ndiyo njia. Njia ya futi mbili inakuwa ya futi nane. Kwenye kona, wenye haraka hukata moja kwa moja kwenda chini, na huo mkato ndio mvua ijayo itaanza nao.

Kutokana na hilo watu wawili hufikia maamuzi yanayopingana, na wote wana sababu. Mmoja anasema: basi weka zege, udongo utapona. Mwingine anasema: basi punguza watu. Zege kwa kweli hulinda pale linapowekwa, lakini halinywi maji. Linayakusanya na kuyatema kwa kasi mahali linapoishia, na hapo ndipo korongo jipya huanza. Ngazi zilizomwagwa moja kwa moja kwenye mteremko bila mikato ya kutoa maji pembeni huwa zinaning'inia hewani baada ya misimu kadhaa ya masika, udongo wa chini yake ukiwa umeshaondoka. Kupunguza watu nako hakutoshi iwapo njia yenyewe imepita vibaya. Njia inayoshuka wima itachimbika hata kwa watu kumi kwa wiki. Kinachosaidia ni njia kukatiza mlima kwa ubavu, kuzunguka kwa kona za polepole, kuwa na mawe au magogo yanayotoa maji kila baada ya hatua kadhaa, na kuwa na mtu anayepita kila mwezi kuyasafisha. Kazi hiyo ni ya jembe na sululu. Haina uzinduzi wala utepe wa kukata, na nadhani ndiyo sababu haipendwi.

Tuangalie walikofungua milango kabisa. Multnomah, jimbo la Oregon, Marekani, ni maporomoko ya mita 189 ndani ya msitu, karibu sawa na Sanje kwa kimo. Yako kando ya barabara kuu, njia imesakafiwa, kuna daraja la kutazamia. Hupokea zaidi ya watu milioni 2 kwa mwaka, na miaka ya karibuni imebidi waweke tiketi za muda maalumu wakati wa kiangazi kwa sababu magari yalikuwa yanaziba barabara. Walioanza kwa kupanua wameishia kwenye zamu. Sanje haitafika milioni 2, lakini mwelekeo unafundisha: kupanua njia hakumalizi hitaji la kudhibiti idadi, kunalisogeza mbele tu mpaka gharama iwe imekuwa kubwa.

Na hata hivyo hoja ya upande wa kulinda ina pengo kubwa ambalo wenye hoja hiyo hawapendi kuliangalia. Msitu huu umelindwa kwa gharama ya watu fulani, na watu hao wana majina ya vijiji: Sanje, Msolwa, Mang'ula na vingine vilivyojipanga kati ya mlima na mashamba ya miwa ya Kilombero. Hifadhi ilipoanzishwa, wanakijiji waliendelea kuruhusiwa kuingia siku maalumu za wiki kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilisitishwa. Kwa mtazamo wa mhifadhi ulikuwa uamuzi unaoeleweka, maana anayeokota kuni kavu hupita na panga, na idadi ya watu bondeni ilikuwa imeongezeka sana. Kwa mtazamo wa mwanamke aliyekuwa akipikia kuni hizo, kwenye bonde ambalo karibu kila kipande kilichobaki ni muwa au mpunga, uamuzi huo ulimaanisha kununua alichokuwa akiokota.

Sasa mwambie mwanamke huyo kwamba njia ya Sanje inabaki na wageni wachache ili msitu upumzike. Atauliza, na ana haki ya kuuliza: wageni wachache wanaleta nini kijijini? TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ina utaratibu wake wa ujirani mwema, ambao hujenga madarasa na zahanati, na mambo hayo ni ya maana. Lakini darasa halichemshi maharage. Aliyepoteza kuni anahitaji kitu kinachofika jikoni: miche ya miti ya kuni iliyopandwa kweli na kutunzwa, majiko yanayokula kuni chache, gesi inayouzwa kwa kiasi anachoweza kulipa, au kijana wake kuajiriwa kwenye njia ileile.

Kwa hiyo siungi mkono pendekezo linalosikika mara kwa mara, la kuwaondoa waongozaji na kuacha watu wajipandie wenyewe kwa alama za rangi kwenye miti. Linaonekana la kirafiki kwa mgeni wa ndani mwenye fedha kidogo, na kweli malipo ya mwongozaji huongeza mzigo. Lakini mwongozaji wa Sanje si mapambo. Anajua jiwe lipi lina utelezi leo, anasikia mto ukibadilika sauti, anazuia mkato kwenye kona, anaonyesha mangabei ambao mgeni peke yake angewapita. Tembo na nyati nao wamo katika msitu huu. Zaidi ya hayo, mwongozaji aliyezaliwa Sanje au Mang'ula ni mshahara unaolala kijijini. Gharama ipunguzwe kwa kuwaweka wanafunzi na familia katika makundi yanayochangia mwongozaji mmoja, na shule zilizopakana na hifadhi ziingie bure. Njia haipaswi kubaki bila mtu.

Fedha za kufanya yote haya zitatoka wapi ni swali gumu kuliko lilivyokuwa miaka michache iliyopita. Udzungwa ilikuwa kwenye mradi wa REGROW, ambao Benki ya Dunia iliutengea dola milioni 150 mwaka 2017 kwa ajili ya hifadhi za kusini. Malipo yalisimamishwa Aprili 2024 kutokana na malalamiko ya wananchi wa upande wa Ruaha, na mradi ukafutwa kabla mwaka huo haujaisha. Sioni kwamba hilo ni msiba kwa Sanje. Sululu, mawe ya hapohapo na vibarua kumi wa kudumu si bajeti ya mkopo wa nje.

Nikipima yote, msimamo wangu ni huu. Sehemu ya chini ya njia, ambako mlima bado haujasimama, ifanywe pana, imara na laini, yenye pa kupumzikia na pa kutazamia maji, ili mzee na mwenye kiti cha magurudumu wapate haki yao bila kubebwa. Kuanzia pale mteremko unapokaza, njia ibaki nyembamba, ikatwe kwa ubavu, isiguswe na zege, na idadi ya watu kwa siku iwe na kikomo kinachojulikana mapema ili mtu asifunge safari kutoka Dar es Salaam akarudishwa getini. Kingo za chuma ziwekwe kwenye ukingo wa mabwawa ya juu na kwenye miamba ya utelezi, basi. Chini kabisa ya maporomoko, ndani ya manyunyu, pasijengwe kitu mpaka wataalamu wa vyura na mimea wamalize kupaangalia. Na sehemu ya kiingilio cha Sanje, itakayotangazwa kwenye ubao wa kijiji kila mwisho wa mwezi, iende kwenye nishati ya kupikia ya kaya zilizofungiwa kuni.

Nakubali kwamba msimamo huu una gharama. Kikomo cha watu ni kikomo cha mapato, na mapato madogo yakigawanywa kwa vijiji vingi yanakuwa madogo zaidi. Anayetaka kipato kikubwa na cha haraka hataridhika, na sina namna ya kumridhisha. Ninachoweza kumwonyesha ni kwamba vijito vya milima hii hulisha Kilombero na Ruaha Mkuu, na mito hiyo miwili ni kati ya mito mikuu inayoujaza Rufiji, wenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Msitu unaoshikilia maji kiangazi kizima unalipa kwa njia ambayo haionekani kwenye stakabadhi za getini. Haki ingekuwa wanaofaidika na umeme huo nao wachangie, lakini huo ni mjadala unaopita Sanje.

Kitu kimoja kifanyike kabla ya mchoro wowote wa njia kupitishwa. Wahandisi na maofisa hupenda kuja Agosti, wakati ardhi ni kavu na anga liko wazi, wakaondoka na picha za njia inayoonekana haina tatizo. Waje Aprili. Wapande mvua ikinyesha, pamoja na waongozaji na wajumbe wa serikali za vijiji, wakiweka alama kila mahali ambapo maji yameingia njiani na kila mahali yalipotokea, na mchoro uanzie kwenye alama hizo.